Wakili Jasper na Ufuo wa Garsen

Yule mtu alipopiga simu mara ya kwanza alijiita Wakili Jasper. Tamar alikuwa ameinamia cherehani yake sokoni Garsen, pini mdomoni, akishona kola ya sare ya shule. Akazitoa pini, akaitika kwa adabu, maana kwao Wenje alifunzwa kwamba mtu hanuniwi kabla hajasema shida yake.

"Wewe mama," sauti ikasema, "unalipa leo ama tukutie adabu?"

Tamar aliitazama simu kana kwamba imemtemea mate. Alikwisha kuwasikia mawakili, kesi za mashamba zilipokuwa nyingi. Wakili ana ulimi wa asali hata anapokunyang'anya shamba. Huyu aliongea kama manamba wa matatu aliyenyimwa nauli. Tena nyuma yake zilisikika sauti nyingine chungu nzima, za kike na za kiume, kila moja ikimfokea mtu wake, kelele kama za mnada wa mbuzi. Kama ile ilikuwa ofisi ya mawakili, basi soko la samaki ni Mahakama Kuu.

"Nitalipa," alisema. "Nimewaandikia kwamba nitalipa kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo ni ya kupika ugali! Nitakuanika mpaka ujute kuzaliwa."

Deni lilikuwepo. Hilo Tamar hakulikana hata siku moja. Mto ulipovunja kingo na barabara ikakatika, vitambaa vilipanda bei na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Akakopa kwenye apu ya simu iliyoitwa Nafuu Chapu. Fedha ziliingia kabla hajamaliza kupiga chafya. Sare alizishona, wazazi wakazichukua kwa ahadi, na mtu ambaye mahindi yake yamelala chini ya maji utamdai nini zaidi ya ahadi? Tamar alilipa nusu ya mkopo, akakwama. Ile nusu iliyobaki ikaanza kuota kama gugu: riba, faini, ada ya kuchelewa, ada ya kukumbushwa, na ada moja ambayo wenyewe hawakuipa hata jina. Haukupita muda, deni lililobaki likawa kubwa kuliko mkopo wenyewe. Hiyo ndiyo iliyoitwa nafuu.

Wakili Jasper alipiga tena alasiri, na safari hii alikuwa Inspekta Jasper. Sauti ni ile ile, ubavu wa kufoka ni ule ule, cheo tu ndicho kilichobadilika. Kesho yake akawa Dalali wa Mahakama. Mtu alipanda vyeo upesi kuliko jeshi la mapinduzi. Tamar alipomuuliza mbona jana alikuwa polisi, alitukana tusi la nguoni ambalo Tamar hakuwahi kulisikia likitamkwa mbele ya mwanamke mwenye umri wake. Alizima simu, akakaa akitazama mikono yake ikitetemeka juu ya kitambaa, na akaichukia mikono hiyo kwa kutetemeka.

Akadhani kuzima simu kutamaliza maneno. Kumbe apu ile, siku ya kukopa, ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simuni mwake, naye, kama watu wote wenye haraka, alibonyeza kukubali. Jasper sasa aliyasoma majina yale kama mchungaji anayehesabu kondoo. Alimpigia fundi baiskeli. Akampigia mwalimu mkuu aliyeagiza sare. Akampigia muuza maziwa wa Kiorma ambaye Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa tu, akamweleza habari za mdaiwa sugu na hati ya kukamatwa, na yule bwana akaitikia "ndiyo, ndiyo, lita ngapi?" mpaka Jasper akachoka. Huyo peke yake ndiye aliyemshinda siku ile.

Wengine hawakuwa na bahati ya kutoelewa. Jasper alifungua kundi la WhatsApp, akawaingiza watu wa Tamar, akabandika picha yake. Ni picha aliyojipiga siku ya kukopa, kitambulisho kikiwa kidevuni kama walivyomwagiza. Juu yake kwa maandishi mekundu: MWIZI HUYU ANATAFUTWA. UKIMJUA MWAMBIE ALIPE.

Kila mmoja alimngoja mwenziwe aanze. Halafu Everline, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, akaandika: "Mungu atusaidie. Kumbe ndiyo sababu alishona nguo mpya ya Pasaka." Hapo lango likafunguka. Watu waliokuwa wakimkopa Tamar sukari na kurudisha vikombe vitupu waliandika mistari ya Biblia juu ya wezi. Mmoja aliyechukua sare za watoto wawili bila kulipa hata senti aliandika kwamba uaminifu ni jambo adimu siku hizi.

Jumapili Everline alimngoja mlangoni mwa kanisa. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono myororo, mke wa mwalimu, mwenye kupenda kuombea watu makosa yao kwa majina.

"Mama Maurine, kina mama wameona upumzike kidogo na uhazini wa kwaya," alisema, akiinamisha kichwa upande. "Si mimi. Ni kina mama."

"Kina mama wepi?"

"Usiwe na uchungu. Tunakuombea."

"Mniombee mkiwa wapi? Kwenye kundi la yule mpuuzi?"

Everline akamshika bega, ule mshiko wa kumpapasa mgonjwa. Tamar aliutoa mkono ule kama anavyotoa uzi uliong'ang'ania nguo, akarudi nyumbani kabla ya wimbo wa kwanza. Njiani alilia, na alipofika nyumbani alijichekea kwa hasira. Alilia kwa sababu ya nani? Ya Everline!

Ni Ummi aliyemtoa matopeni. Ummi alikuwa mzaliwa wa Kipini, muuza samaki wakavu kwenye kibanda kilichotazamana na cha Tamar, mwanamke asiyejua kunong'ona. Jumatatu alipomwona Tamar ameinama kupita kiasi, macho yamemwiva kwa kilio, alivuka na kigoda chake mwenyewe.

"Shoga, mbona wanitolea mato mekundu hivyo? Ni yale matapishi ya simuni?"

"Nimeaibika, Ummi."

"Umeaibikaje? Umekopa, hukuiba. Aibu ni ya mtu azimaye nguo akakana. Hao walinifanyia mimi mwaka jana, wakampigia mpaka mkwe wangu. Nami nikakaa ndani kama mwari, siuzi, sili. Mpaka mpwa wangu Nassir, yule afanyaye kazi Mombasa, akanipigia kelele. Akanambia, Bi Ummi, wenye kosa ni wao."

Akamweleza, kwa sauti ambayo nusu ya soko iliisikia. Kwamba mkopeshaji wa simu anapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Kwamba sheria inamkataza kuwapigia watu waliomo simuni mwako, isipokuwa aliyekubali mwenyewe kuwa mdhamini. Kwamba hana ruhusa ya kutukana, wala kutisha, wala kumwanika mtu mtandaoni. Kwamba deni la namna ile ni kesi ya madai, polisi haji kukutia pingu kwa sababu ya vitambaa vya sare. Na kwamba iko ofisi ya serikali ya kulinda taarifa za watu, na malalamiko hupelekwa huko kwa simu hiyo hiyo iliyokuaibisha.

"Lakini usimfutie neno hata moja," Ummi alisema. "Wewe wataka kuyafuta kwa kuwa yanuka. Yaache yanuke. Piga picha za skrini, weka. Na akipiga, muulize jina lake, kampuni yake, leseni yake, na hesabu ya deni moja moja. Utaona akiruka kama kamba wa mtoni aliyewekwa juani."

"Na wewe walikulipa fidia?"

Ummi akabetua midomo. "Mimi nilichelewa, nilikuwa nimefuta yote. Ndiyo maana nakupigia kelele."

Tamar akafanya hivyo. Akaondoa ile ruhusa ya majina, ingawa maji yalikwisha kumwagika. Akawaandikia Nafuu Chapu kwa maneno ya kawaida: nadaiwa kiasi gani, kwa hesabu gani, na huyu Jasper ni nani kwenu. Hawakujibu. Aliyejibu ni Jasper mwenyewe, kwa simu.

"Umejifanya msomi?"

"Nimeuliza leseni yako."

"Leseni yangu utaiona ukiwa rumande!"

"Rumande gani, Jasper? Ya wakili, ya inspekta, au ya dalali?"

Alikata. Tamar alishangaa kuona kwamba mikono yake imetulia, akatia uzi kwenye tundu la sindano kwa mara moja.

Lakini mtu mshenzi akishindwa mlangoni hupitia dirishani. Maurine, binti pekee wa Tamar, alikuwa amechumbiwa na Caleb wa Kinakomba, na barua ilikwisha kupokewa, na wazee walikuwa wamepanga kuja kuzungumzia mahari. Jasper akampigia baba yake Caleb. Alilipata jina lake humo humo simuni, limeandikwa kwa heshima: Baba Mkwe Buya. Akamwambia kwamba yeye Mzee Buya ameandikwa mdhamini wa mwanamke tapeli, kwamba ng'ombe na pesa za mahari zitakazotoka zitakwenda kulipia mikopo, na kwamba asipolipa, gari la mnada litafika Kinakomba.

Habari hiyo Maurine aliipata kwa Caleb, akaja nayo kibandani huku midomo imekauka. "Mama, Baba Buya yumo kwenye basi. Anakuja. Hakumwambia mtu anakuja kufanya nini."

Matusi alikwisha kuyazoea, na mtu kama Everline ni wa kudharauliwa tu, lakini huyu alikuwa mkwe. Kwa mkwe mtu huvaa ushungi hata anapolitaja jina lake akiwa peke yake. Alifunga cherehani, akaenda nyumbani, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Mzee Buya alifika mchana, jasho likimtiririka, kofia mkononi. Hakuwa mzee wa kutoa hekima. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mchukia safari, aliyegombana na majirani zake wote juu ya mipaka ya migomba, na sifa yake kubwa Kinakomba ni kwamba hakuwahi kumdhamini mtu. Alikaa, akakataa maji, akakataa chai.

"Mama Maurine," alisema, "nimekuja kuuliza kwa kinywa changu. Mimi nimekudhamini lini? Hata ndugu yangu wa tumbo moja alipotaka kununua mashine ya maji sikumdhamini. Leo mtu ananipigia simu, ananiita mimi fala, mbele ya wake za ndugu zangu!"

"Hukunidhamini, Baba. Wala sikuandika jina lako popote. Wameliiba simuni."

"Deni unalo?"

Hapo Tamar angeweza kuzungusha maneno. Maurine alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulimsihi mama yake azungushe. Tamar akasema, "Ninalo. Nilikopa kununua vitambaa wakati wa mafuriko. Nusu nimelipa. Nusu nitalipa. Mahari ya mtoto wangu haitaguswa."

Mzee Buya alikuna kidevu. Alikuwa akitafuta neno, na uso wake haukuonyesha kama ni neno la kujenga au la kubomoa, simu ya Tamar ilipolia. Namba ngeni. Tamar akamtazama mkwe wake, akabonyeza spika, akaiweka simu juu ya meza kati yao.

"Sasa mama tapeli," Jasper akasema, "mchezo umekwisha. Niko hapa Garsen na maafisa wanne. Nyumba yako tunaiona."

"Mko wapi hapo Garsen?"

"Tuko huku ufuoni. Huku baharini, karibu na hoteli. Tunapanda sasa hivi."

Garsen! Mji wa vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua, ambao maji yake yote ni ya mto na wenye mto ni mamba na viboko. Bahari, mpaka uende njia ya Witu na ushuke Kipini ndipo uione. Maurine alijiziba mdomo. Mzee Buya aliinuka nusu, akainama juu ya simu kama mtu anayechungulia kisima.

"Kijana," alisema, "bahari ya Garsen imeletwa lini? Na gari gani?"

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye fala wa Kinakomba. Uliniambia jana utaleta gari la mnada kwangu. Lilete. Lipitishe hapo hapo ufuoni, lichote na samaki."

Jasper akaanza kutukana. Alimtukana mzee kwa mama yake, kwa umri wake, kwa kabila lake, akachanganya Kiswahili na Kiingereza mpaka vyote viwili vikamkimbia. Tamar alimwacha amwage yote. Simu ya Maurine ilikuwa wazi kando, ikirekodi. Jasper alipoishiwa pumzi, Tamar alisema polepole: "Asante. Hilo la kabila lilikuwa halipo kwenye malalamiko yangu. Sasa nitaliongeza." Akakata.

Mzee Buya alirudi kukaa. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Nitakwambia kweli," alisema. "Nilikuja kuvunja uchumba. Nauli nimelipa ya kuja kuvunja." Akamwangalia Maurine, akaangalia simu. "Lakini nikivunja, yule mjinga atadhani nimemsikiliza. Leta hayo maji."

Malalamiko yalikwenda siku ile ile: picha ya kundi, maneno mekundu, sauti ya ufuoni, na maelezo mafupi ya Mzee Buya, aliyesisitiza iandikwe kwamba hajamdhamini mtu tangu azaliwe. Kisha wakangoja. Serikali haina haraka ya tumbo, na Tamar alikwisha kukata tamaa zaidi ya mara moja, lakini akaendelea kushona. Simu za Jasper zilikatika ghafla kama mvua iliyoanuka. Badala yake, baada ya miezi, akapiga mwanamke mwenye sauti ya maua, akijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja wa Nafuu Chapu.

"Madam Tamar, tumesikitika sana kwa usumbufu. Kama ishara ya nia njema, tutafuta salio lako lote. Wewe utaandika tu kwamba umeondoa malalamiko."

Zamani, wakati mikono ikitetemeka, Tamar angelia kwa shukrani. Sasa alisikia dharau ikimpanda kooni, dharau safi, karibu tamu.

"Mwanangu, mlipokuwa mkiniita mwizi, mlitaka nilipe. Sasa mmeambiwa na ofisi ya serikali mjibu, mnataka nisilipe. Mnajua mnachokitaka? Nileteeni hesabu. Nilichokopa na riba tuliyokubaliana nitalipa mpaka senti ya mwisho. Na aibu yangu mtailipa nyinyi."

"Kwa kiasi gani, madam?"

"Sitaki kiasi. Nataka kila mtu mliyempigia, mumpigie tena. Mumwambie mlisema uongo na mlivunja sheria. Kila mtu. Hata muuza maziwa."

Ofisi ilikuwa imewataka wasuluhishane kwanza kabla ya uamuzi, na kampuni, iliyoogopa uamuzi kuliko ilivyoogopa Mungu, ikakubali na kutia sahihi. Kundi likafutwa. Hesabu ikaja, na zile ada za ajabu zimepukutika zote, hata ile isiyo na jina. Kilichobaki Tamar alikilipa kwa awamu mbili, bila furaha na bila manung'uniko, maana lilikuwa deni lake.

Na simu zikaanza kulia mjini. Aliyepewa kazi ya kupiga, kwa adhabu au kwa uhaba wa watu, alikuwa Jasper. Mwalimu mkuu aliitambua sauti. Fundi baiskeli pia. Alisoma maneno aliyoandikiwa, haraka haraka, kama mtoto anayesoma risala asiyoielewa: "Tunaomba radhi kwa taarifa za uongo kumhusu Bi Tamar..." Mzee Buya alimfanya arudie mara tatu, akidai kwamba mtandao wa Kinakomba ni mbaya, kisha akamuuliza kama bahari imejaa au imekupwa. Muuza maziwa aliitikia tena, "ndiyo, ndiyo, lita ngapi?"

Watu wakabadilika kama upepo. Waliokuwa wameandika mistari ya Biblia walipita kibandani kumsalimu kwa sauti ndefu. Yule wa sare za watoto wawili alisema kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini. Tamar akamwambia, "Basi lipa sare," naye akapata safari ya ghafla.

Everline hakuja na hao. Alikuja wiki kadhaa baadaye, saa ambayo jua lilikuwa kali na soko limepwaya, amejitanda leso mpaka machoni kama aliyefiwa. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akasifu kitambaa. Akauliza habari za mahari, akaambiwa wazee wamekwisha kuelewana na harusi ni baada ya mavuno. Akasifu mavuno. Mwishowe akaitoa simu, akaiweka juu ya cherehani.

"Wamemtumia mume wangu picha yangu," alisema. "Hakujua kama nilikopa. Nimekopa kwa apu tatu, Mama Maurine. Wanasema kesho wataitia kwenye kundi la kanisa."

Tamar aliendesha mshono mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi, akakikunja. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanamke huyu, na mengine alikwisha kuyapanga vizuri usiku mwingi akiwa kitandani, makali kama wembe. Alimtazama akiwa amejikunyata pale, mtu aliyekuwa akiwaombea wenzake kwa majina, na akaona kwamba maneno yale yote yangekuwa haba. Alimdharau Everline, na hakuona haja ya kumficha hilo. Ila waliokuwa upande wa pili wa ile simu aliwadharau zaidi.

"Umefuta ujumbe wowote?" aliuliza.

"Bado. Nilitaka kufuta..."

"Usifute. Itoe hiyo leso usoni, hujafanya uzinzi." Tamar akavuta kigoda chake karibu, akapangusa kioo cha simu kwa ncha ya kanga. "Tuanze na huyu wa kwanza. Kampuni yao inaitwaje? Na sema kwa sauti, sitaki kunong'onezwa."